Ibiskusi ya lupango na ngai-ngai ya nyungu: namna ya kuzitunza, kutoka Masisi mpaka Walikale

Ndugu wachimbaji, mama zetu na watoto wa nyumbani, leo ukurasa wetu hausemi bei ya koltani. Najua wengine watacheka: «Muzee wa sendika naye amechoka? Sasa anatuandikia maua?» Ngojeni kwanza niwaelezee fasi hii maneno imeanzia.

Miaka mingi imepita, kwenye site moja ya huku kwetu Masisi, tulisikia kama wageni wakubwa wanakuja. Jina la site nitaliacha. Sisi wa sendika tulikuwa tumeomba mbao za kuegemeza mashimo, miezi mitatu tulikuwa tunaomba. Mbao hazikufika. Lakini kwa ajili ya wageni, maua ilifika kwa siku moja tu: miche ishirini ya ibiskusi nyekundu, ikapandwa mistari miwili mbele ya barieri. Wageni wakapita, wakapiga picha, wakarudi. Majuma mawili kiisha, miche yote ilikuwa imekauka. Ilipandwa ndani ya makokoto ya kuoshea, fasi hakuna bulongo, na hakuna mutu aliyeimwagilia hata kopo moja.

Nilichukua mmoja, ule ambao ulibaki na kijani kidogo chini ya ganda, nikautia ndani ya kapu, nikaupeleka nyumbani. Bibi yangu aliuangalia, akasema: «Huu haujakufa, una kiu tu.» Kutoka ule muti mmoja njo lupango yetu yote imetoka, na lupango za majirani saba. Njo maana naandika leo. Muti uliopandwa kwa kuonyesha wageni unakufa. Muti unaotunzwa unaishi, na siku moja unaweza kukusaidia kuliko vile ulifikiri.

Jamaa moja, watoto wengi

Watu wengi wanajua ibiskusi moja tu, ile ya maua makubwa mekundu yenye ulimi mrefu katikati. Ile wenye elimu wanaiita Hibiscus rosa-sinensis. Asili yake ni Asia. Kuko nyekundu, ya pinki, ya manjano, nyeupe. Ua lake moja linaishi siku moja tu: asubuhi linafunguka, kesho yake linafunga na kuanguka. Kwa hiyo usifikiri muti wako unaumwa ukiona maua chini. Kama kila siku kuko matumba mapya, muti uko muzima.

Ndugu yake wa pili ni ngai-ngai, ile mboga ya uchachu ambayo wenzetu wa kufwata barabara ya Lubutu na Kisangani wanaipenda sana. Hiyo ni Hibiscus sabdariffa, na asili yake ni Afrika yetu. Maganda yake mekundu yanayobaki kiisha ua kuanguka njo tunapikia bisapu. Tanzania wanaita choya, Misri na Sudani wanaita karkade. Ni muti mmoja.

Bamia pia ni wa jamaa hiyo, na pamba. Hata urena, ile ya nyuzi ambayo wakati wa ukoloni wazee wetu walilimishwa kwa nguvu ju ya kushona magunia, ni wa jamaa hiyo hiyo. Ni vizuri kujua ile, sababu magonjwa na vidudu vya mmoja vinahamia kwa mwengine. Kama bamia yako imeshambuliwa, usipande ngai-ngai kando yake.

Masisi siyo Walikale

Kosa la kwanza watu wanafanya ni kufikiri muti unaishi namna moja kila fasi. Masisi ya juu inapita metri 1500, na milima mingi inapita 2000. Usiku baridi inaingia. Ibiskusi haipendi baridi: kama inashuka chini ya digri 10, muti unasimama kukua, majani inakuwa ndogo, mengine inaanguka. Haimaanishi umekufa. Kwa hiyo Masisi, panda upande ambao jua la asubuhi linafika mapema, nyuma ya nyumba ama ya ukuta unaokinga upepo. Usipande chini kabisa bondeni, sababu baridi ya usiku inashuka kama maji na inalala pale.

Walikale ni kinyume. Centre ya Walikale, Mubi, Ndjingala, yote iko chini ya metri 1000, ndani ya joto na pori. Jua si tatizo, maji njo tatizo. Mvua ni mingi, bulongo nyekundu imeoshwa sana, chakula cha muti kimeteremka mbali na mizizi. Huko unapaswa kuinua tuta, hata sentimetri 30, ili maji isisimame kwenye mizizi. Mizizi inayokaa ndani ya maji inaoza kama mutu anayelala na viatu vyenye maji.

Mbolea nayo iko tofauti. Masisi tuna ngombe: chukua mavi ya ngombe, uache ioze miezi tatu ama ine, kiisha utie. Usitie ile mbichi, itaunguza mizizi. Walikale ngombe ni wachache: tumia mavi ya mbuzi na kuku iliyooza, maganda ya ndizi, majani ya pori iliyolundikwa ikawa nyeusi. Majivu ni nzuri, lakini kiganja kimoja kwa muti, mara moja kila miezi mitatu. Ukitia kila siku, bulongo inageuka chumvi-chumvi na majani mapya inakuwa manjano.

Kupanda tawi

Ibiskusi ya lupango haiombi mbegu wala feza. Inaomba tawi la jirani na heshima kidogo ya kuomba.

Kata tawi lenye unene wa kalamu ya risasi, lisiwe bichi sana, lisiwe gumu kama kuni. Urefu sentimetri 15 inatosha. Kata na kisu kinachokata vizuri, chini kidogo ya fundo la jani. Toa majani yote ya chini, bakisha mawili juu, na hayo mawili uyakate nusu ili yasinywe maji mingi. Changanya muchanga nusu na bulongo nyeusi nusu, ndani ya kopo la zamani ama sashe uliyotoboa chini. Chomeka tawi mpaka nusu yake. Mwagilia, weka kwenye kivuli. Kata chupa ya plastiki ya maji, ifunike juu yake kama nyumba. Kila siku ifungue kidogo ipate hewa.

Muchanga wa aina gani? Wa mutoni, ulioosha vizuri. Apana ule wa kuoshea madini. Nitaeleza chini.

Walikale mizizi inaweza kutoka kiisha juma ine ama tano. Masisi ngoja, inaweza kufika mbili miezi na zaidi. Usivute tawi kila siku kuangalia kama limeshika! Vijana wengi wanaua muti na haraka. Ukiona jani jipya linatoka na linakua, muti umeshika. Ngoja tena juma mbili, kiisha uhamishe mangaribi, siyo saa sita ya jua kali.

Kwa lupango, acha nafasi ya sentimetri 60 ama metri moja kati ya muti na muti. Mwaka wa kwanza kata vichwa vya juu mara mbili ama tatu, ili muti uzae matawi ya kando. Lupango inayopanda juu tu bila kukatwa inakuwa na matundu chini, na mbuzi anapita pale kama mutu mwenye laisser-passer.

Kila mwaka, mvua inapoanza kurudi kiisha jua la mwezi wa sita mpaka wa nane, kata tena moja kwa tatu ya urefu. Maua inatoka kwenye matawi mapya. Muti usiokatwa miaka mingi unatoa maua kidogo, na watu wanasema umelogwa.

Majani inageuka manjano

Hii njo swali nasikia kuliko yote. Hakuna dawa moja ya manjano, sababu manjano ina sababu nyingi. Angalia kwanza, kiisha ufanye.

Kama majani ya zamani, ya chini, njo yanageuka manjano yote pamoja, muti una njaa. Tia mbolea iliyooza, ngoja juma tatu.

Kama majani mapya, ya juu, ni manjano lakini mishipa yake inabaki kijani, muti unakosa chuma. Mara nyingi ni sababu ya majivu mingi ama chokaa ya ukuta. Wacha majivu, tia majani iliyooza.

Kama majani inageuka na kuanguka mingi kwa mara moja, ingiza kidole ndani ya bulongo. Kama ni kavu mpaka fundo la pili la kidole, muti una kiu. Kama ni tope na inanuka, mizizi inaoza: chimba mufereji, inua tuta, punguza maji. Muti ulioanza kuoza unaonekana kama una kiu, na watu wanauongezea maji. Njo wanaumaliza.

Kama Masisi inatokea mwezi ule wa baridi tu, na matawi yako kijani ukikwangua ganda na ukucha, usifanye kitu. Ngoja jua.

Vidudu, na chungu wanaovilinda

Ukiona chungu, wengine wanaita sisimizi, wanapanda na kushuka kwenye ibiskusi kama kwenye barabara ya Sake, wafwate. Hawakuji bure. Juu utakuta vidukari, vile vidogo vya kijani ama vyeusi vinavyojaa kwenye ncha laini, ama vidudu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Vinanyonya maji ya muti na vinatoa utamu nyuma. Chungu anakula ule utamu, naye anavilinda na adui zao. Ule utamu ukimwagika kwenye majani unaota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Watu wanapangusa masizi na wanaacha vidudu. Ni sawa na kupiga deki maji na bido inaendelea kuvuja.

Dawa ya nyumbani: sabuni ya kufua, ile ya kipande, kijiko kimoja cha iliyokwanguliwa ndani ya litri moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ngoja kesho. Kama jani haliungui, rushia muti mzima mangaribi, zaidi sana chini ya majani, sababu njo vinajificha pale. Rudia kiisha siku tano, mara tatu. Usifanye ndani ya jua kali.

Kwa vile vyeupe vya pamba, sabuni peke yake haitoshi, sababu viko na nta inayofukuza maji. Chukua kitambaa, tia kanyanga kidogo, upanguse fundo kwa fundo. Ndiyo, kanyanga! Ile nta inayeyuka na kidudu kinakufa. Kamaradi zangu, nawaambia kweli: ni heri kanyanga iishie kwenye kitambaa kuliko kwenye kichwa cha mutu anayeshuka shimoni. Tawi lililojaa sana na kukunjamana, likate, ulichome.

Wakati wa jua, kando ya barabara ya vumbi, majani inaweza kuwa na madoa-doa madogo ya manjano na utando mwembamba chini. Ule ni utitiri mwekundu, kidudu kidogo sana, jicho linakiona kwa shida. Kinapenda vumbi na ukavu. Osha majani na maji, chini yake pia, kila siku mbili, juma mbili. Mvua ikianza, unaisha wenyewe.

Kwenye ngai-ngai na bamia, majani ikiwa na matundu mengi madogo kama yametobolewa na sindano, ni vidudu vinavyoruka kama viroboto. Asubuhi, umande bado uko, nyunyiza majivu mepesi juu ya majani machanga. Muche ukifika magoti, haviwezi tena kuushinda. Kunguni wekundu wanaokaa kwenye mbegu, wale wale wa pamba, waokote asubuhi wakingali wazito na baridi, uwatie ndani ya maji ya sabuni. Watoto wanafanya ile kazi vizuri kama mchezo.

Kama ngai-ngai inanyauka na ukiing'oa mizizi iko na mavimbe-mavimbe, ni minyoo ya bulongo. Hakuna dawa ya haraka. Usirudishe pale ngai-ngai, bamia wala nyanya. Panda mahindi msimu mmoja ama miwili, kiisha urudi.

Tena kuhusu dawa za duka: musinunue ile inayopimwa ndani ya chupa ya soda bila karatasi. Haujui ni ya nini, haujui kipimo, na mutoto anaweza kuinywa. Kwa mboga ya kula, sabuni na majivu inatosha.

Matumba inaanguka mbele ya kufunguka

Mara nyingi ni maji isiyo na mpango: juma moja mingi, juma moja hakuna. Muti wa matumba unataka maji ya kadiri, kila wakati. Weka majani makavu ama maganda ya maharagi chini yake, yafunike bulongo, lakini yasiguse shina. Sababu nyingine ni kuhamisha muti wakati uko na matumba, ama kuupanda chini ya kivuli cha ndizi. Ibiskusi inataka jua la masaa sita. Tena, usitupe tumba lililoanguka bila kulipasua: ukikuta kidudu kidogo ndani, okota yote iliyoanguka kila mangaribi, uchome.

Matope ya kuoshea isiingie bustani

Hapa naomba mama zetu wasikie vizuri, sababu inagusa sahani.

Wengi wetu tunaishi karibu na fasi ya kuoshea. Ile matope inayobaki inaonekana nyororo, watu wanaibeba kwenda kujaza bustani. Haina chakula cha muti. Ikikauka inafunga kama simenti, mizizi haipumui. Njo ile iliua miche ishirini ya barieri. Zaidi ya pale, matope ya madini inaweza kubeba vyuma vibaya ambavyo havionekani kwa macho. Muti wa jamaa ya ibiskusi unaweza kuvivuta kutoka bulongo mpaka kwenye majani. Ua la lupango, hakuna anayelikula. Lakini ngai-ngai inaingia tumboni mwa mutoto.

Kwa hiyo: lupango inaweza kukaa upande wa site na kukamata vumbi. Mboga ikae upande mwengine, juu ya fasi maji ya kuoshea inapita, kwenye bulongo ambayo haijawahi kupokea matope. Usimwagilie mboga na maji ya kuoshea. Na nguo za shimo zifuliwe mbali na bustani.

Tena neno moja kwa wakubwa wa mashimo, ma-PDG wetu. Ibiskusi haizuii mlima kuanguka. Mizizi yake si ya kina. Kwenye mteremko mkali kunatakiwa vetiveri, miti ya mizizi mirefu, mifereji ya maji, na ndani ya shimo kunatakiwa mbao. Mutu asikudanganye kama maua kwenye mulango ni usalama. Sisi tuliozika wenzetu tunajua tofauti.

Ngai-ngai: mboga ya siku site imefungwa

Mwezi wa tisa 2010 nilikuwa Walikale. Wakati ule kasiterite ya Bisie ililisha watu wengi: tulibeba magunia ya kilo 50 ndani ya pori, siku mbili za miguu mpaka Ndjingala. Kiisha amri ikatoka Kinshasa kwamba uchimbaji wa mikono unasimamishwa katika Kivu zote mbili na Maniema. Ilidumu mpaka mwezi wa tatu 2011. Nusu mwaka! Wale waliokuwa na feza waliondoka. Sisi tuliokuwa na watoto tulibaki.

Mama mkwe wangu alikuwa ametuletea mbegu za ngai-ngai ndani ya fundo la kitambaa. Mimi nilikuwa nacheka mbele: «Mwanaume wa kasiterite atakula majani ya uchachu?» Nilikula. Tulikula na bugali, na mise kidogo, na fretini siku ikipatikana. Bibi yangu aliuza mafungu mengine kando ya barabara, njo tukanunua chumvi na sabuni. Ile miezi sita ilinifundisha kitu ambacho mafunzo ya sendika hayakunifundisha: mufanyakazi ambaye sufuria yake inategemea kitu kimoja hawezi kugoma wala kukataa bei mbaya. Mwenye bustani anaweza kusema «hapana» siku tatu zaidi kuliko asiye nayo.

Na maneno ya kufunga haijaisha. Mwezi wa pili 2025, wizara ya madini ilitia site 38 za Masisi na Kalehe katika rangi nyekundu. Site inaweza kufungwa kwa karatasi. Tumbo la mutoto halifungwi kwa karatasi.

Namna ya kulima: lowesha mbegu usiku moja. Panda mbegu mbili ama tatu kwa shimo, kina cha sentimetri mbili, kiisha bakisha mche mmoja wenye nguvu. Kama unataka majani tu, acha sentimetri 30 kati ya mche na mche. Kama unataka maganda ya bisapu, acha karibu metri moja, sababu muti unapanuka. Kiisha juma sita mpaka nane unaanza kuchuma majani. Usimalize muti wote, chuma ncha, utazaa tena. Maganda mekundu yanavunwa yakingali manene na laini, siku chache kiisha ua kuanguka, mbele mbegu haijakauka. Kutoka kupanda mpaka kuvuna maganda inaweza kuchukua miezi mitano ama sita. Walikale inaenda vizuri sana. Masisi ya juu inachelewa, panda mabondeni ya joto zaidi, mwanzo wa mvua.

Anika maganda juu ya mukeka, kivulini penye upepo, siyo chini. Kwa bisapu, viganja viwili ndani ya litri mbili ya maji, chemsha kidogo, chuja, tia sukari. Usiihifadhi ndani ya sufuria ya aluminiyumu, uchachu unakula chuma ile. Weka ndani ya chupa ama bido safi. Bisapu inaweza kushusha tension ya damu: anayekunywa dawa ya tension aulize infirmier kwanza, na mama mwenye mimba asiinywe mingi.

Lupango si karatasi, lakini inasema

Nimalizie na ile lupango yangu ya Masisi. Siku vita vilitukimbiza, tulitoka na godoro moja, sufuria na watoto. Tulikaa mbali muda murefu. Tuliporudi, nyumba haikuwepo. Mabati yalikwenda, mbao zilikwenda, hata mulango. Mutu mmoja alikuwa ameanza kulima maharagi katikati, naye alisema parseli ni yake.

Lakini ibiskusi ilikuwa pale. Haikukatwa, ilipanda juu kama pori, nyekundu pande zote tatu. Na mbele, ule muti wa kwanza wa barieri, shina lake nene kama mukono. Wazee wa mtaa waliitwa. Muzee mmoja alisema: «Mimi nilichukua tawi kutoka hapa kwa huyu mutu, lupango yangu ni mutoto wa hii.» Wakatembea pembeni yote wakipima na miguu. Yule ndugu naye alikuwa mukimbizi kama sisi. Hatukupigana. Alivuna maharagi yake, akaenda, na mukononi alibeba matawi matano. Bibi yangu njo alimkatia.

Sisemi lupango inashinda tribinali. Ua si karatasi. Baada ya ile, nilienda kwa chef na mashahidi wanne, tukaandika mipaka, kila mmoja akatia sahihi. Nawaomba nanyi mufanye hivyo: mupande muti unaosema, kiisha muandike karatasi inayosema pamoja nao.

Na wale wanaorudi katika parseli zilizojaa pori, tafazali musiingie na kopekope kukata ovyo. Ndani ya lupango iliyofunga kunaweza kujificha nyoka, na kuko kibaya kuliko nyoka: bombe ama risasi iliyobaki. Anza kuangalia kutoka nje, na watoto wakae mbali. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, weka alama mbali nacho na uite wanaohusika. Ibiskusi inaweza kungoja. Mukono ukikatika hauoti tena.

Leo lupango yetu tunaikata kila mwanzo wa mvua. Matawi hatutupi. Tunayatia ndani ya bido la maji kando ya barabara, anayepita anachukua. Vijana wa chukudu wanayashusha mpaka Sake, na wabebaji wengine wameyafikisha Walikale. Kama umeona ibiskusi nyekundu Ndjingala mbele ya nyumba ya mchimbaji, inawezekana ni mujukuu wa ile miche ishirini iliyopandwa kwa ajili ya picha.

Mbao za shimo, ile tulizipata kiisha mwaka mzima wa kuomba na siku ine za kuketi chini bila kushuka. Siku hizo ine, bibi yangu alipikia watu kumi na wawili. Ilikuwa ngai-ngai.